Pua ya Mkulima wa Tumbaku

Wapendwa, kabla sijafunga Biblia hii nataka niwape mfano. Ni mfano tu, asije mtu baada ya ibada akaniuliza ni nyumba gani. Na ukijiona ndani yake, nakuomba usimtazame jirani yako.

Kulikuwa na mkulima mmoja wa tumbaku. Wengi wenu hapa mnalima, kwa hiyo sina haja ya kuwaeleza habari za kuchuma jani, kulifunga kwenye fito na kulipanga ndani ya bani, kile kijumba kirefu cha udongo tunachokichochea moto mpaka jani likauke vizuri. Huyu bwana alikuwa fundi wa kazi hiyo, na sifa yake kubwa ilikuwa pua. Aliweza kusimama mlangoni mwa bani la mwenzake, akavuta pumzi mara moja, akasema, "Punguza moto, huko nyuma jani linaungua," na mkienda kutazama mnakuta kweli linaungua. Watu walimfuata kutoka vijiji vya jirani aje awanusie marobota yao kabla hayajapelekwa sokoni, yasije yakakataliwa kwa unyevu.

Yeye mwenyewe hakuvuta. Mzee wa kanisa, atavutaje? Alikuwa na msemo wake: "Jani ni la kuuza, mapafu ni ya Mungu." Watoto wake aliwaambia tangu wadogo kwamba siku atakayomkuta mmoja wao na sigara mdomoni, siku hiyo mtoto huyo akatafute baba mwingine. Na alisema hivyo kwa sababu aliwapenda, tusimwonee.

Alikuwa na binti wa miaka kumi na sita, anasoma bweni huko mjini. Likizo ya Pasaka binti akarudi nyumbani kumalizia mafundisho ya kipaimara. Siku moja mke wa mwinjilisti alikwenda kuteka maji kwenye tangi nyuma ya kanisa, akawaona mabinti watatu wamesimama kivulini, na juu ya vichwa vyao kuna wingu jeupe la moshi. Alipowafikia hakuona sigara, hakuona kichungi wala majivu. Mabinti wametulia, kila mmoja na kitabu chake cha mafundisho. Akaenda kumweleza mumewe.

Sasa mwinjilisti afanyeje? Watoto wanakana, na mmoja wao ni wa mzee wa kanisa. Akaona njia ni moja tu, akamwita baba mtu.

"Mzee, nimekusumbua," alisema. "Tumeambiwa hawa mabinti wamevuta sigara, na wenyewe wanakataa. Siwezi kuwapeleka mbele ya mchungaji na neno kama hili juu yao. Hapa kwetu anayeijua tumbaku kuliko wote ni wewe. Tusaidie."

Mzee akacheka kidogo. Waliokuwa wanafagia kanisa wakasimama na fagio zao mkononi kutazama.

"Njoo hapa," akamwambia binti yake. "Lete vidole." Akanusa vidole. Akanusa pindo la kitenge alichojifunga. "Achama." Akanusa kinywa. Kisha akainua kichwa kama anavyokiinua akimaliza robota la mtu.

"Mwinjilisti, mimi nimekaa na jani hili tangu sijaota ndevu. Huyu hana tumbaku. Huyu amekula pipi za matunda."

Watu wakacheka, mama mmoja akapiga kigelegele. Wale wengine wawili nao wakanuswa, nao wakaonekana ni pipi tu. Mzee akamshika binti yake bega mbele ya watu wote, akasema, "Huyu namdhamini mimi. Mwenye neno lolote aje kwangu." Binti alikuwa ametazama chini. Baba akajua ni haya za msichana, akarudi nyumbani akiwa na furaha sana. Nani kati yetu asingefurahi?

Baada ya hapo mtoto akaanza kubadilika. Kula hali, kulala halali, kichwa kinauma. Mdogo wake akimwaga maji kidogo tu, anamrukia kwa makofi. Mama akasema ni malaria. Wakampeleka zahanati, wakampima, malaria hakuna, wakapewa dawa ya maumivu wakarudi. Mama moyo ukakataa. Akamwambia mumewe, "Baba, huyu mtoto ana jambo." Mume akamjibu, "Masomo ya siku hizi ni mazito. Mwache apumzike."

Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Asubuhi moja mzee alikwenda kufungua bani lililokuwa limeshapoa, ili aanze kushusha jani. Akakuta mlango uko wazi. Ndani, chini ya fito, binti yake amechuchumaa. Amechana karatasi ya daftari, ameviringisha jani la baba yake ndani yake, anavuta. Anakohoa mpaka machozi yanamtoka, anageuka pembeni anatapika, anafuta mdomo, anavuta tena.

Mkono wa mzee ulinyanyuka wenyewe. Alitaka kumpiga, nisiwafiche. Lakini akaviona vile vidole vinavyoshika karatasi, jinsi vilivyokuwa vinatetemeka, na mkono ukashuka.

"Nani amekufundisha kuvuta?"

"Hakuna mtu. Sigara sijawahi kuvuta, Baba. Hii ndiyo ya kwanza."

"Mtu akivuta mara ya kwanza akatapika, anaitupa. Wewe unatapika na unaendelea."

Binti akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitu kidogo cha plastiki, cha rangi ya waridi, mfano wa kalamu nene. Vijana mnakijua, hata hamhitaji nikitaje. Wengine wanaita vepu, wengine sigara ya umeme.

"Hiki kimeisha," alisema. "Tangu kiishe sina amani. Kichwa kinataka kupasuka. Nikivuta hili jani kinatulia kidogo."

Mzee akakipokea, akakinusa. Pipi za matunda. Akanusa tena, akilitafuta jani, asilipate. Pua ilimwambia humu hamna kitu, na mwanawe yuko mbele yake anatetemeka.

"Walituambia ni mvuke tu," binti akasema.

"Mvuke mtu akiukosa hatetemeki." Akaketi chini kwenye vumbi, mtu mzima yule. Ile sumu ya ndani ya jani aliyokuwa ameifukuza nyumbani kwake maisha yake yote ilikuwa imeingia kwa mlango mwingine, imevaa nguo nyingine, na yeye ndiye aliyesimama mbele ya kanisa akaipitisha. Akamuuliza taratibu, "Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Siku ile pale kanisani kilikuwa mfukoni," binti akajibu. "Nilikuwa nimeshajaribu kukiacha nikashindwa. Ulipoitwa nikasema moyoni, afadhali, Baba akiniuliza namwambia yote. Ulininusa, Baba. Hukuniuliza."

Wapendwa, shikeni neno hilo.

Mnataka kujua mzee alifanyaje. Alimshika mkono wakarudi zahanati, na safari hii walisema ukweli. Kisha akaenda kwa mwinjilisti, akasema mbele ya wale wale waliocheka kwamba alikosea. Mtoto hakupona siku ile. Alianguka, akainuka, akaanguka tena, maana minyororo hiyo haikatiki kwa maombi ya jioni moja, na anayewaambia inakatika hivyo anawadanganya.

Ninyi vijana, nasema nanyi kwa upole. Kitu chenye ladha ya embe kinaweza kubeba nikotini ile ile iliyomfunga babu yako kwenye kiko chake. Madaktari wanatuambia kwamba mwili wa kijana unaizoea upesi kuliko wa mtu mzima, na wengi walioanza na mvuke wameishia kwenye sigara yenyewe. Yule binti hakuota siku moja atavuta jani. Njaa ya nikotini ndiyo iliyomwongoza mpaka bani. Kama tayari umo, hujawa mtu wa kutupwa. Mungu hakuanza kukupenda siku ulipokuwa msafi.

Sasa sisi wazazi. Sisi ndio mzee yule. Tunajua dhambi zilivyokuwa zikinuka zamani, na tunazitafuta kwa harufu ile ile. Mtoto akirudi hanuki pombe, hanuki sigara, tunashukuru, tunakwenda kulala. Tunawadhamini watoto wetu mbele za watu ili jina la nyumba lisichafuke, halafu tunashangaa hawatuambii kitu. Watatuambiaje? Tumeshatangaza kwamba wao ni wazima. Mtoto akitaka kusema ukweli inabidi kwanza amwaibishe baba yake. Ni mtoto gani mwenye heshima atakayefanya hivyo?

Ndugu zangu, sitawaombea sasa hivi. Nitakaa kimya kidogo hapa mbele. Mwenye mtoto wake humu ndani amsogelee, amuulize sikioni kama kuna jambo, na amwambie kwamba hatampiga. Asiyekuja na mtoto, anaye nyumbani. Na wewe mtoto utakayeulizwa, sema. Sisi wengine tutatazama chini, tutasubiri mpaka mmalize.