Jasho Lisilo na Chumvi

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani hasa, wakati hata mimi nilikuwa na kiuno, Kiboko na Mama Pimbi walikuwa watani. Mnakicheka kiuno? Chekeni. Nimetembea nchi nyingi na nimekula kila nilipofika. Tumbo hili mnaloliona ni kumbukumbu ya safari. Lakini kisa hiki si cha tumbo langu. Ni cha tumbo la Kiboko.

Utani mnaujua. Mtani wako anaweza kukuita sufuria bovu mbele ya wageni, na wewe unacheka. Ukikasirika umeshindwa, na watu watakusimulia mpaka kwa wajukuu.

Basi kiangazi kimoja Kiboko alipita mlimani kwa Mama Pimbi, akakuta kidimbwi cha maji ambacho mama huyo alikuwa amewatunzia wanawe wanne. Akajitosa, chubwi. Alipotoka, maji yalikuwa yameshatangulia kutoka. Likabaki tope. Kiangazi kile watoto wa Pimbi waliishi kwa kulamba umande kwenye mawe.

Mama Pimbi akapeleka shauri barazani. Kiboko akacheka mpaka masikio yakapepea.

"Nilikuwa nakutania, mtani wangu. Anayekasirikia utani si mtani."

Wanyama wakacheka, shauri likaisha. Mama Pimbi naye akacheka, maana ndiyo desturi. Lakini alicheka kwa meno ya mbele tu.

Mwaka ukageuka. Masika yakiwa yanaishia, asubuhi moja Kiboko akapanda mlimani, anahema kama mvukuto wa mhunzi.

"Hodi, mtani."

"Karibu, mtani. Simama hapohapo. Ukiiegemea nyumba yangu itahama."

Kiboko hakucheka. Akaketi, puu, vumbi likatimka.

"Nina aibu, mtani. Kiangazi kikiingia mama mkwe anamwoza binti yake mdogo, nami nimealikwa. Mwaka jana nilipokwenda kumsalimia nilinasa mlangoni."

"Nilisikia."

"Walinivuta kwa kamba. Nikarudi nyumbani nimevaa fremu ya mlango."

"Hilo pia nilisikia."

"Mke wangu kasema nikinasa tena mbele ya mama yake, nisirudi kwake. Wewe ni mwembamba. Unafanyaje?"

Mama Pimbi akalitazama lile tumbo. Kisha akalitazama korongo kavu chini ya nyumba yake. Babu yake alikuwa akisema kuna maji mengi chini ya mchanga ule, ila hajazaliwa pimbi mwenye kucha za kuyafikia. Akatazama tumbo tena.

"Mazoezi," akasema. "Unaona mawe yale mawili? Nafasi iliyo katikati ni mlango wa mama mkwe. Jaribu kupita."

Kiboko akaingiza kichwa, akaingiza shingo, halafu kwii, akakwama. Ilibidi arudi kinyumenyume.

"Siku utakayopita hapo ndiyo siku utakayokwenda harusini. Kesho uje mapema, na usinywe uji."

Kesho yake akaja, nyuma yake akaja Kifaru. Kifaru alisikia kwamba Kiboko anatafuta umbo, akakosa usingizi.

"Mimi sijanenepa," Kifaru akaliambia jiwe kwa heshima, kwa kuwa macho yake ni mabovu. "Nimemsindikiza tu."

"Niko huku, Bwana Kifaru," akasema Mama Pimbi. "Haya, shukeni korongoni."

Priiii, akapiga filimbi.

"Bwana Kifaru, pembe chini, chimbua mchanga. Mtani, jaza kinywa, panda ukingoni, tema, rudi. Tumbo linaogopa mlima kuliko linavyoogopa njaa."

Kwachu, kwachu, Kifaru anachimbua. Tuff, Kiboko anatema. Mama Pimbi amekaa juu ya jiwe, anatafuna majani mabichi na kuhesabu. Ndivyo walivyo walimu wa mazoezi. Mimi niliwahi kuwa na mmoja mjini, alikuwa akinihesabia huku anakula chapati.

Siku ya tatu Kiboko akasimama katikati ya mteremko.

"Mwalimu, mbona mazoezi haya yanafanana na kuchimba?"

"Hata kucheza ngoma kunafanana na kukanyaga siafu, mtani. Panda."

Akapanda. Jioni akapimwa kwa kamba ya mgomba, ambayo Mama Pimbi aliifunga fundo siku ya kwanza.

"Toa pumzi. Toa yote. Umeona? Umepungua kidole."

Kiboko akaenda nyumbani mbio.

"Mke wangu, nishike hapa."

Mkewe akashika. "Nishike nini sasa?"

"Kilichokuwapo hakipo."

Baada ya wiki mbili hakukuwa na haja tena ya kutoa pumzi. Kiboko alikuwa anapungua kweli. Alipopita kando ya mto alitembea upande upande, ili kila mwenye macho auone ubavu. Kifaru naye alianza kuisifia shingo yake, ingawa hajawahi kuiona.

Siku ya ishirini shimo lilikuwa limewapita kimo. Kifaru akainua mguu.

"Mwalimu, huku chini kumelowa."

Mama Pimbi akachungulia shimoni. Maji yenyewe yalikuwa ya kulowesha ukwato tu. Hawa wawili wakijua sasa watagaagaa humo, litabaki tope kama lile la mwaka jana, na wanawe watarudi kulamba mawe.

"Hilo ni jasho," akasema kwa utulivu. "Hongereni. Tangu nizaliwe sijaona wanaume wanaotoa jasho namna hiyo."

Kiboko na Kifaru wakageukiana.

"Lingi ni langu," akasema Kiboko.

"Lako? Limeanzia kwangu. Wewe unatoa mate tu."

"Tazama mgongo wangu unavyong'aa."

"Mgongo wako sijawahi kuuona, na sijui nimekosa nini."

"Msigombane," akasema Mama Pimbi. "Atakayechimbua sana ndiye atakayetoa sana."

Wanangu, hapo ndipo mchanga ulipojua umekutana na nani. Kesho yake jasho likafika magotini. Kesho kutwa likafika tumboni. Kiboko akaanza kualika majirani. Akaja Pundamilia, akaja Ngiri, likaja baraza zima, wakajipanga ukingoni.

"Hilo lote mnaloliona limetoka mwilini mwangu," Kiboko akawaambia toka chini, jasho likiwa shingoni. Kwa furaha akafungua kinywa ili aimbe. Gubu. Likamwingia.

Akamung'unya taratibu.

"Mwalimu."

"Naam, mtani."

"Mbona jasho langu halina chumvi?"

Kifaru akaonja. Akaonja tena. "Langu pia halina."

Kiboko akapanda, ti, ti, ti, ukingo ukitetemeka. Watoto wanne wa Pimbi wakaingia chini ya mwamba. Mama yao akabaki palepale juu ya jiwe, mdogo kama kiazi kitamu.

"Umenichimbisha kisima," akasema Kiboko, na kivuli chake kikamfunika.

"Nilikuwa nakutania, mtani wangu."

Baraza zima lilikuwa pale, kwa mwaliko wake mwenyewe.

"Kuna msemo ulinifundisha mwaka jana," Mama Pimbi akaendelea. "Anayekasirikia utani... Mwisho wake umenitoka. Hebu nimalizie."

Kiboko akaligeukia baraza alilolialika, lote limemkodolea macho.

"Si mtani," akasema kwa sauti ya kifaranga.

Ngiri ndiye aliyeanza kucheka, halafu Pundamilia, halafu Kifaru, aliyecheka bila kujua kwamba na yeye anachekwa.

"Sasa kapite kwenye mawe," akasema Mama Pimbi.

Kiboko akaenda kwa shingo upande. Akaingiza kichwa, akaingiza bega, akafumba macho. Fyuu. Alipoyafumbua alikuwa upande wa pili. Akageuka, akapita tena. Mara ya tatu akapita kinyumenyume, kidevu juu, kisha akamwita Kifaru aje kushuhudia.

"Sioni," akasema Kifaru, "ila sisikii kukwaruza."

"Kisima hiki nimekichimba mimi," Kiboko akawatangazia wote, kifua mbele. "Kwa jasho langu."

"Kwa jasho lako kweli, mtani, na nitawaambia wanangu hivyo," akajibu Mama Pimbi. "Kunywa, karibu saa yoyote. Kuoga, nenda mtoni."

Harusini Kiboko aliingia mlango wa mama mkwe, akatoka, akaingia, akatoka, mpaka mama mkwe akasema, "Mkwe wangu, kaa basi, unatuingizia nzi." Na kiangazi kile kilipokaza, jua likapasua ardhi, watoto wanne walikunywa mpaka matumbo yakawa ngoma, na mama yao ameketi ukingoni, kucha zake safi kabisa.

Mwenye nguvu mpe sifa. Nguvu ataileta mwenyewe.

Kisa changu kimeshatoka mlangoni. Sasa shikeni fremu, nami nijaribu kupita.