Kosa la Kujua Kiyunani

Palikuwa na sultani mmoja wa Shangwi, jina lake Shambe, ambaye hakupenda kupitwa na mtu. Siku moja mgeni wake alimtajia Kiyunani na Kilatini, lugha za watu wa kale, naye akatikisa kichwa kana kwamba anazielewa. Mgeni alipoondoka tu, mbiu ikapigwa: "Ni marufuku mtu yeyote kujua asichokijua Sultani. Atakayepatikana, mali yake itachomwa moto na yeye atafukuzwa mjini."

Amri tukufu kabisa! Watu wa Shangwi wakaanza kusahau kwa bidii. Tabibu akasahau dawa, mnajimu akasahau nyota. Wapishi peke yao ndio waliosamehewa, tena adhuhuri ileile, Sultani alipoletewa mchele mbichi.

Kuna mmoja aliyeshindwa kusahau. Huyo ni Mbwarahaji, kijana fukara aliyesuka makawa ya kufunikia chakula. Mganga mmoja wa ng'ambo alikuwa amemfundisha lugha zile mbili, kisha akafa na kumwachia vitabu vyake. Basi! Kijana akawa kama aliyeoa wake wawili kwa mpigo. Akisuka, Kilatini. Akioga, Kiyunani. Mbuzi wake alisalimiwa kila asubuhi kwa lugha ambazo Sultani mwenyewe hazijui. Mamake akiambiwa neno asilolielewa, alijibu tu, "Na wewe pia, mwanangu."

Haikupita muda akakamatwa. Vitabu vikawekwa barazani, kando ya moto. Alipoviona pale, machozi yalimtoka. Kufukuzwa angevumilia, lakini vitabu, hapana.

"Mbwarahaji!" akanguruma Sultani. "Wewe unajua Kiyunani!"

"Nani kasema, Seyyid?"

"Askari wangu huyu. Kakusikia sokoni."

Mbwarahaji akamgeukia askari. "Ndugu yangu, nilisema nini?"

"Ulisema Kiyunani."

"Umejuaje kuwa ni Kiyunani? Kwani wewe unakijua?"

Askari akautupia moto jicho. "Mimi? Wallahi mimi sijui kitu! Tangu nizaliwe!"

"Basi huenda nilikuwa na kwikwi."

Watu wakaziba midomo. Waziri akaona mambo yanaharibika, akadakia, "Usituchezee! Kama si Kiyunani, kilikuwa Kilatini."

"Ahsante, Bwana Waziri. Hebu tueleze, wewe huwa unazitofautishaje?"

Waziri akainua macho, akaanza kukagua boriti za dari.

"Seyyid, shahidi hakuna," akasema Mbwarahaji. "Asiyekijua hawezi kunishitaki, na anayekijua ana kosa kama langu. Nipeni vitabu vyangu niende zangu nikasuke."

Sultani akaruka kitini, kilemba kikamwangukia sikioni. "Shahidi ni mimi! Nimekusikia mwenyewe jana, chini ya dirisha langu! Kilikuwa Kiyunani, tena Kiyunani safi! Mimi hunidanganyi!"

Mbwarahaji akafuta machozi, akapiga magoti, uso umemchanua.

"Kumbe Seyyid unakijua! Basi mimi sina kosa, maana amri inakataza usichokijua wewe. Tena nilikuwa nimechoka kuzungumza na mbuzi. Tuanze leo, au tungoje kesho asubuhi?"