Mwanakombo Kaa na Salamu za Mjomba wa Chewa

Paukwa!
Pakawa!
Nitoe nisitoe?
Toa!
Ya kweli au ya uwongo?
Changanya!

Haya, nachanganya, na atakayeniuliza kipi ni kipi ataipata hadithi yake nje, kwa mbuzi. Sogeeni. Wewe uliyeegemea ukuta, ukisinzia sikurudii.

Hapo kale, upande wa Kilwa, palikuwa na ghuba ndogo yenye mikoko. Mbele ya ghuba pana mwamba, na mwamba una mlango mmoja tu. Anayetoka anapita hapo, anayerudi anapita hapo. Na katika shimo la mlango huo alikuwa akiishi Chewa.

Chewa mnamjua, samaki mnene. Huyu alikuwa mnene kama kitanda cha watu wawili, na kinywa chake hakikuwa na adabu. Hakuwinda. Alifungua tu kinywa, fyoooo, maji yakaingia, na aliyekuwa ndani ya maji akaingia nayo. Gwap. Aliwala changu, akawala kamba, akawala pono. Hata jirani yake aliyekua naye alimla, tena siku ya Idi.

Ndani ya mikoko aliishi kaa mdogo, jina lake Mwanakombo, na mama yake, Bi Mwatumu. Baba yake alitoka siku moja kwa ule mlango akasema atarudi mchana. Basi tena, mchana huo haujafika mpaka leo.

Kila mwaka Kasa alikuja kutaga mayai ufukweni, kisha akapumzika chini ya mikoko akisimulia alikopita, tangu Msimbati mpaka Lamu. Mwanakombo alisikiliza mpaka macho yake, yale ya vijiti, yakasimama wima. Siku moja akamwambia mama yake kwamba anataka kupanda mgongo wa Kasa akaione pwani yote.

Bi Mwatumu hakukataa. Mama anayejua kazi yake hakatai, anaweka sharti.

"Nenda," akasema. "Ila kila mwezi ukiandama, bamvua likijaza maji mpaka mlangoni pangu, nikuone hapa. Maji yakianza kutoka hujafika, nitajua umekufa. Nitaweka matanga, nitawagawia binamu zako nguo zako, na nitakulilia kweli. Mimi nimeshamngoja mmoja, wa pili simngoji."

Wakatoka. Kasa hakuwa na hofu, kwani Chewa alishawahi kumjaribu, gamba likamkwama kooni, akashinda wiki nzima akitapika. Lakini Mwanakombo alikuwa juu ya gamba, na si gamba. Walipofika mlangoni maji yakaanza kuvuta. Fyoooo. Miguu ikateleza, krrr, krrr, akabaki ameshika kwa magando tu.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Sasa mtu akiamkiwa ataacha kuitikia? Na kinywa kinachoitikia hakivuti maji. "Marahaba," akasema Chewa, na maji yakarudi nje.

"Tunakwenda kaskazini, mzee. Huna salamu kwa mjomba wako?"

Chewa akatafuta kichwani. Hakujua kama ana mjomba. Lakini niambieni, nani kati yenu atakiri mbele za watu kwamba hamjui ndugu wa mama yake? Chewa naye alikuwa na haya zake, ndogo, lakini alikuwa nazo.

"Ninazo," akasema. "Msalimie sana."

Na desturi mnaijua. Ukishampa mtu salamu zako, amebeba amana yako. Humli mtu mwenye amana yako. Mwanakombo akapita.

Wakaenda, wakaenda, wakafika mdomo wa Rufiji. Mwanakombo akauona mto unaisukuma bahari nyuma, bahari kubwa kama ile, na bahari inakubali. Maji mekundu mpaka upeo wa macho. Mti mzima ukapita na majani yake, na siafu juu yake wanaendelea na kazi, hawajui kama wamehama. Viboko wakatoa vichwa kwenye maji ya chumvi, puuh, wakazama. 

Mwezi ukaandama, wakarudi. Fyoooo.

"Shikamoo, mzee. Mjomba anakusalimu sana. Anauliza, mbona huendi kuwaona?"

Chewa akaona aibu kwelikweli. Akaanza kueleza kwamba kazi zimembana, kwamba afya nayo, kwamba mwakani labda, na Mwanakombo akampitia kando akimwahidi kwamba atayafikisha yote. Bi Mwatumu akamhesabu miguu minane na magando mawili, akasema amekonda, akamlisha siku tatu. Siku ya nne akatoka na majibu ya Chewa.

Wakaenda, wakaenda, wakafika mkondo wa Pemba. Hapo chini pakatoweka. Mwanakombo akachungulia ukingoni mwa gamba, akaona buluu, na chini ya buluu buluu nyingine, na chini ya hiyo giza lililotulia. Akauliza nani anaishi huko. Kasa akasema haijui hata njia ya kumpelekea salamu. Mwanakombo akakunja miguu, akaogopa, na bado akaendelea kuchungulia.

Mwezi ukaandama, wakarudi. Fyoooo.

"Shikamoo, mzee. Mjomba anakusalimu sana, anasema pole na kazi."

Lakini Chewa sasa alikuwa na njaa. "Salamu hazishibishi," akasema. "Mjomba gani huyu, mikono mitupu? Safari ijayo niletee zawadi yake, kitu cha kujaza kinywa hiki. Usipoleta, kinywa kitajazwa na wewe."

Mwanakombo akapita, akaonana na mama yake, akatoka tena. Hakumwambia mama habari ya zawadi. Mngemwambia nyinyi?

Wakaenda, wakaenda, wakafika Lamu, wakageuka. Na hapo wakati wa kurudi, Mwanakombo akasikia sauti. Mmmmuuuuu. Aliisikia tumboni kabla ya kuisikia kwingine. Kasa akaacha kupiga makasia yake, akatulia. Kisha ubavu ukaanza kupita. Ukapita. Mwanakombo akasema sasa ni mkia. Si mkia. Ukapita. Akasema sasa basi ni mkia. Si mkia. Ukapita. Ni Nyangumi huyo, anashuka kusini, na chini ya kifua chake mtoto anayenyonya, mtoto mchanga, mkubwa kuliko Kasa mara ishirini.

Mwanakombo akalia, na hakujua analia nini. Kasa akamwambia watachelewa. Akasema ngoja kidogo. Wakaandamana naye siku moja. Kasa akamwambia bamvua hilo. Akasema ngoja kidogo. Wakaandamana naye siku ya pili. Siku ya tatu ndipo alipomkumbuka mama yake, na moyo ukampasuka.

Kasa akaogelea kama anafukuzwa, na Nyangumi akaja nyuma yao, njia ni hiyo hiyo ya kusini. Walipofika mwambani maji yalikuwa yameshaanza kutoka, na kutoka ndani ya mikoko kilio kikasikika. Wanamlilia yeye. Akaitambua sauti ya mama yake katikati ya sauti zote. Na mbele yake kinywa wazi.

"Zawadi," akasema Chewa. Safari hii hakungoja shikamoo.

"Ipo, mzee. Ila haipiti mlangoni. Mjomba anasema ni kubwa kuliko kinywa chako."

"Hakuna kitu kikubwa kuliko kinywa changu."

"Basi toka ukaione. Inapita nje ya mwamba sasa hivi."

Chewa hakuwa ametoka shimoni miaka mingi, na shimo lilikuwa limemshika kiunoni. Akajikamua, kwaru, kwaru, magamba yakabaki kwenye mawe. Pwaa! Akatoka. Ubavu ulikuwa unapita.

Akafungua kinywa. Ubavu ukapita. Akafungua zaidi. Ukapita. Akafungua mpaka macho yakaenda kisogoni. Ukapita. Kikabaki wazi hivyo hivyo, asivute hata tone la maji, vidagaa wanaingia na kutoka wanavyopenda. Mwishowe ikamtoka sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia.

"Shikamoo."

Bahari yote ikatikisika. "Marahaba, mjukuu wangu. Wa nyumbani hawajambo?"

Chewa akataka kujibu. Akatafuta wa nyumbani wa kumtaja. Akamtafuta changu, akamtafuta pono, akamtafuta jirani yake. Wote alikuwa amewala. Akamgeukia Mwanakombo akamuuliza kwa upole mjomba anakaa wapi hasa.

Mwanakombo akamwonea huruma, si nyingi. Akamwelekeza kaskazini, akamwambia ukifika mbele uliza. Chewa akaenda, akauliza. Na watu wa pwani wakarimu, hawapendi kumwambia mgeni hawajui, kila mwamba unamwambia mbele kidogo. Bado anauliza.

Mwanakombo akakimbilia nyumbani. Alikuta vyungu jikoni na binamu yake amevaa kanga zake. Bi Mwatumu alipomwona akamkumbatia kwa magando yote mawili, kisha akamfokea huku bado amemkumbatia. Akamwambia amemlilia mpaka sauti imemkauka. Akataka kujua kilichomchelewesha.

Mwanakombo akaanza kueleza, maneno hayakutosha. Akamshika mama yake, akampandisha kwa Kasa. Bi Mwatumu hakuwahi kuukaribia ule mlango tangu mumewe alipopita hapo asirudi. Akafumba macho. Wakapita. Waombolezaji wakafuata na sahani zao mikononi.

Nje Nyangumi alikuwa amesimama akimnyonyesha mwanawe. Bi Mwatumu akafumbua macho. Akatazama kichwa, akatafuta mkia, hakuuona. Akatazama mpaka machozi yakajaa.

"Mwanangu," akasema, "kumbe ulichelewa kidogo tu."

Haya, na funzo lake msilisahau. Msiseme uwongo, uwongo hauna faida yoyote. Mama akisema urudi saa fulani, rudi saa hiyo hiyo, hata kama dunia nzima inapita mbele yako na mwanawe. Na msimjibu mkubwa akiwa na njaa.

Nilipoikuta ndipo ninapoiacha. Aliyeipenda aende nayo kwao, asiyeipenda airudishe kesho, na asije bila maandazi.