Ubavu wa Pili wa Mama

Sogeeni karibu, na aliyeshika simu aiweke chini. Hadithi yangu ya leo ina kesi ndani yake, na mimi si kadhi. Nitaisimulia kama ilivyokuwa, hukumu mtatoa nyinyi.

Katika ghorofa moja kuukuu pale Upanga, jijini Dar es Salaam, waliishi ndugu wanne na mama yao, Bi Hadia, fundi cherehani. Baba yao aliendesha malori ya Lubumbashi. Akiondoka leo, kurudi ni majaliwa.

Wa kwanza alikuwa Zuwena, na kipaji chake kilikuwa mikono. Mpe boksi tupu na kipande cha kamba, umwache kidogo, utakuta gari, kabati au nyumba ya mwanasesere.

Wa pili alikuwa Shamte, na kipaji chake kilikuwa mdomo. Aliweza kukohoa kama mwenye nyumba, kulalama kama mbuzi wa Idi, na kuita kama baba yake akiwa ngazini, hata siku moja mama aliitikia na kukimbilia mtandio.

Wa tatu alikuwa Mishi, na kipaji chake kilikuwa jiko. Alikuwa mfupi hata akasimama juu ya kigoda kufikia sufuria, lakini akionja mchuzi hukwambia kilichopungua, na hakosei.

Wa nne alikuwa Kheri, kitinda mimba, na kipaji chake kilikuwa kupendwa. Hayo si maneno yangu, ni ya Zuwena, na nawaomba myaelewe kabla hamjamchukia. Zuwena ndiye aliyekuwa akilala na mama kila baba aliposafiri. Alipozaliwa Kheri, akahamishiwa chumba cha watoto, na tangu siku hiyo jina lake likawa "mletee mwenzio", "mpishe mwenzio", "wewe si mkubwa?" Waliosema ukubwa jalala walikuwa wanamsema yeye. Alimpenda mdogo wake, lakini alimwonea kijicho, na mambo hayo mawili hukaa ndani ya moyo mmoja bila kugongana.

Sasa masika ile Kheri aliugua nimonia. Mama akalala naye hospitali, na nyumba ikaendeshwa na Zuwena: kufua, kufagia, kuwaamsha wenzake kwenda shule. Kheri aliporuhusiwa, daktari akamwonya mama kwamba mapafu ya mtoto bado hayana nguvu. Asilowe, asipigwe na baridi. Akirudiwa na homa safari hii, itakuwa habari nyingine.

Siku iliyofuata mbingu zilifunguka. Ilikuwa Jumamosi, umeme umekatika, runinga imelala. Kule chini uani watoto wa ghorofa zima walikuwa wamevua mashati wanaoga chini ya mlizamu wa paa, wanapiga kelele za furaha. Na hakuna kiumbe aliyeipenda mvua kama Kheri.

Mama alikuwa na nguo za bibi harusi ambazo lazima zikabidhiwe siku hiyohiyo. Alimwomba jirani wa mlango wa pili awatupie jicho, akakomea madirisha yote, akawakusanya watoto wake watatu wakubwa.

"Nataka nirudi nimkute Kheri mkavu," alisema. "Sikusudii mumfunge kamba. Mchezesheni. Atakayenitunzia mwanangu leo atalala na mimi mpaka baba yenu arudi. Kheri ukutani, yeye ubavu wangu wa pili. Lakini mmoja tu, kitanda chenyewe mnakijua."

Mtu mzima angecheka zawadi hiyo. Watoto hawakucheka. Walikuwa wamelala bila mama yao siku zote alizokuwa hospitali, na usiku wa masika shuka moja haitoshi. Shamte alimtazama Mishi, Mishi akamtazama Shamte, na Zuwena akawatazama wote wawili kama wapangaji wanaotaka kuingia katika nyumba yake.

Mama alipotoka tu, Kheri akaenda mlangoni na kuanza kulia.

Zuwena hakungoja. Aliisogeza meza ya kulia katikati ya chumba, akateremsha kanga za mama pande zote na kuzibana kwa vibanio vya nguo. Ndani alitandika mkeka na mito. Kwenye boksi la sabuni alikata mlango na madirisha, akalifanya ukumbi. Trei la mayai likawa bao, kunde zikawa kete. Kheri aliacha kulia, akaingia kwa magoti na kukagua kila pembe. Walicheza bao wasilolijua, mwenye nyumba akiwa ni Kheri na kila mara akishinda yeye. Asubuhi yote ikaenda hivyo. Zuwena akajiona tayari ubavuni kwa mama, harufu ya mafuta ya nazi puani.

Lakini mtoto ni mtoto. Kheri alimwaga kunde, akasema ana njaa, akaanza kutambaa kuelekea mlangoni.

Hapo akaingia Mishi. Alikanda unga wa ngano kwa maji ya vuguvugu na chumvi kidogo, akampa Kheri donge lake. Akamwambia chochote atakachofinyanga kitapikwa na ataruhusiwa kukila. Kheri alifinyanga basi, jogoo asiye na miguu, na kitu alichosema ni daktari. Mishi alivichoma kimoja kimoja kwenye chuma cha chapati, na Kheri akamla daktari kwanza. Nyumba nzima ilinukia. Ilipofika zamu ya basi, Kheri akataka linyunyizwe sukari, na sukari ilikuwa imekwisha. Mishi akachukua kikombe, akaenda kuomba kwa jirani.

Kheri akaanza kuuliza watoto wa uani wanafanya nini sasa. Hapo akaingia Shamte. Alivaa soksi mikononi, akajificha nyuma ya kanga. Soksi moja ikawa Mzee Komeo, bawabu wa nyumba ya chini ya meza, ambaye haruhusu mtu kuingia bila kupiga chafya mara tatu. Ya pili ikawa mbuzi anayetaka kupanga chumba. Kheri alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini na kushika tumbo, kicheko ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia tangu homa ianze.

Zuwena alisimama kando, vibanio mkononi. Nyumba ni yake, meza kasogeza yeye, kanga kaning'iniza yeye, na mtoto hakuwahi kucheka hivyo kwa ajili ya nyumba hata mara moja. Sasa mama atarudi, atakisikia kicheko hiki, naye Shamte, ambaye kazi yake ni kuvaa soksi, ndiye atakayelala ubavuni. Alitaka kile kicheko kikatike, basi, hakufikiri mbele ya hapo.

Akaenda dirishani na kuinua kikomeo.

Upepo ulilisukuma dirisha, na kelele za uani zikajaa chumbani: maji ya mlizamu, vigelegele, jina la Kheri likiitwa na wenzake waliokuwa hawajui kwamba anaumwa. Kheri alinyamaza. Akageuza kichwa. Shamte alipandisha sauti ya mbuzi, haikufaa kitu. Mtoto aliinuka na kukimbilia mlangoni, na mlango, siku hiyo ya siku, haukuwa umekomewa, maana Mishi alipotoka kuomba sukari aliurudisha tu. Kheri akaushika, akaufungua, akashuka ngazi.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na Zuwena hakungoja pole. Alishuka vidato viwili viwili. Alimfikia mdogo wake kwenye vidato vya mwisho, pale ambapo ngazi za ghorofa lile hazina ukuta na mvua huingia itakavyo. Kheri alikuwa amebakiza hatua chache tu kufika uani. Zuwena alipita mbele yake, akamkumbatia, akaipa mvua mgongo. Maji yote yalimwangukia yeye. Gauni lilimganda mwilini, nywele zikachuruzika maji, lakini chini ya kifua chake kichwa cha Kheri kilibaki kikavu.

Kumzuia alimzuia, kumpandisha akashindwa. Kheri alishika chuma cha ngazi kwa mikono miwili na kupiga mayowe, na kila alipovutwa alikaza zaidi. Ndipo sauti ya Mzee Komeo ikasikika kutoka juu, nzito na yenye manung'uniko, ikitangaza kwamba mwenye nyumba ametoroka, na kama hatarudi kupiga chafya mara tatu basi chumba chake anapewa mbuzi. Mayowe yakapungua. Kheri akaachia chuma. Alipanda ngazi kwa miguu yake mwenyewe, akipiga chafya za uongo, akimkataza mbuzi asiguse mito yake.

Kurudi alirudi, kutulia akakataa. Alikuwa anatetemeka kwa hasira na ubaridi wa ngazini, na macho yalikuwa palepale mlangoni. Ndipo Mishi, aliyekwisha kurudi na kikombe chake, akamvika sweta, akamletea basi lake, la moto, limenyunyizwa sukari ya jirani, pamoja na chai ya tangawizi. Akamkalisha ndani ya nyumba ya kanga na kumlisha tairi kwa tairi. Tumbo lilipopata joto, kope zikawa nzito. Kheri akalala na kipande cha basi mkononi.

Zuwena alilifunga dirisha. Hakuna aliyemwona akilifungua, na hakuna aliyemwona akilifunga.

Mama alirudi jioni, mwavuli umepinduka. Kabla hajavua viatu alipiga magoti, akafunua kanga, akagusa paji la uso la Kheri, kisha kifua, kisha nyayo. Mtoto alikuwa mkavu, hana homa, anakoroma. Bi Hadia alikaa pale sakafuni na kulia kidogo, kama walivyo mama waliobeba hofu kutwa nzima. Halafu akaliona gauni la Zuwena likidondosha maji kwenye kamba ya jikoni, akauliza kulikoni.

Wakamweleza. Shamte alisema upepo ulisukuma dirisha, na alisema hivyo kwa sababu aliamini hivyo. Mishi aliinamisha kichwa, akasema bila kuulizwa kwamba mlango yeye hakuukomea, na kama mama anataka kumwondoa katika mashindano, amwondoe. Zuwena alifungua mdomo, akaona wote wanamtazama, akasema alikuwa amelowa kidogo tu.

Wakala chakula cha usiku, na baada ya hapo kesi ikaanza. Shamte alidai kwamba mtoto kuzuiwa ngazini si kutunzwa. Aliyemrudisha nyumbani kwa hiari yake ni yeye, naye, tofauti na Mishi, hakuacha mlango wazi. Mishi alidai kwamba Mzee Komeo hakumlaza mtoto. Aliyempa joto na usingizi ni yeye, na joto ndilo lililotakiwa na daktari. Wakamgeukia dada yao, wakingoja aseme lake, maana wote walijua kwamba bila yeye Kheri angekuwa uani, na wala nyumba ya kulala asingekuwa nayo. Zuwena alikuwa akilitazama dirisha. Kheri, ambaye alikwisha kuamka, ndiye aliyesema: aliyemtunza Kheri ni Kheri, kwa hiyo mbavu zote mbili za mama ni zake. Wakacheka, naye akarudishwa ukutani.

Mama alikuwa amechoka. Aliwatazama watatu wamesimama mlangoni, kila mmoja na mto wake, nje mvua ikizidi. Akaona hawezi kupima. Ndipo akamgeukia yule aliyemwamini kuliko wote.

"Zuwena, mwanangu, wewe ndiye mkubwa, na yote yametokea mbele ya macho yako," alisema. "Utakalosema nitalifuata. Alale nani hapa?"

Akapapasa godoro, upande ule uliokuwa wa Zuwena kabla Kheri hajazaliwa.

Basi mimi nimefika mwisho wa ninayoyajua. Mmoja alimzuia, mmoja akamrudisha, mmoja akamtuliza. Angekosekana yeyote kati yao, mama angerudi kukuta msiba. Mlango aliyeuacha wazi amesema. Dirisha hakuna anayelijua, ila Zuwena, na sasa nyinyi. Je, aliyeleta hatari kisha akaizuia kwa mgongo wake, ana haki sawa na wenzake, au alilipa deni tu? Na wewe uliyekaa hapo unatikisa kichwa, ungekuwa umesimama pale na mto wako kifuani, mama anakungoja, godoro lina joto, ungelitaja jina la nani?