Neno Alilofundishwa Bibi Harusi wa Nyikani

Tulieni, wakwe zetu, niwaeleze. Na anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana huko mbele hatapata nafasi.

Zamani sisi watu wa mlima Kidembwe hatukuwa hivi mnavyotuona. Tulikuwa mabingwa wa utani. Mgeni wa lugha nyingine akipanda huku, awe muuza chumvi au mfuga mbuzi, mchezo wetu mkubwa ulikuwa kumfundisha maneno ya uongo. Akiuliza maji yanaitwaje, anatajiwa mavi ya kuku. Akitaka salamu ya asubuhi, anafundishwa tusi, kisha anapelekwa kwa mzee mkali akalitoe huko. Watu walicheka mpaka machozi yakawatoka. Hakuna aliyeona ubaya wake, kwa sababu mgeni alimaliza shughuli zake akashuka kwao, na uongo wetu akashuka nao.

Kisha Senkoro akaoa nyikani. Alimleta binti aitwaye Nasieku, asiyejua hata neno moja la huku, na huyu hakuja ili ashuke tena. Kazi ya kumfundisha ikamwangukia wifi yake, Nakijwa, dada yake Senkoro, mama wa mtoto mmoja wa miaka miwili. Nakijwa alikuwa na roho nzuri. Nasema hivyo mapema kwa sababu mtamchukia, nami sipendi achukiwe bure. Alimfundisha Nasieku vizuri: hujambo, karibu, asante, moto, chumvi, mtoto amelala. Mawifi hao wakashibana, wakawa chanda na pete, na mtoto akawa halali mchana ila mgongoni kwa mke wa mjomba wake.

Lakini utani ni ugonjwa. Siku moja wakiwa wawili jikoni, Nasieku aliuliza neno jingine. Kwa kuwa hakuwa na lugha ya kuulizia, aliigiza: akajitupa chini, akainua mikono, akageuza macho huku na huku akimtafuta wa kumnyanyua. Alitaka kujua huku watu huombaje msaada. Nakijwa alimwelewa vizuri kabisa. Akamjibu kwa uso mkavu, "Hapo unasema: pombe imeiva, njooni."

Nasieku akayarudia mara tatu, mpaka yakamkaa. Halafu akamshika wifi yake mkono akamwambia asante, ile ile aliyofundishwa naye. Nakijwa hakumsimulia mtu. Uhondo wa utani ni kungoja, naye alikuwa anaingoja siku bibi harusi atakapoyatoa mbele za watu.

Mwezi haukuisha. Mvua ilinyesha siku tano mfululizo, na ya sita kukakucha kweupe, watu wote wakapanda mashamba ya juu kupanda maharage. Nasieku akabaki nyumbani na mtoto wa Nakijwa. Jua lilipopanda, ngema ya udongo iliyokuwa nyuma ya nyumba, imeshalowa hadi ndani, ikaporomokea banda la kuni. Mtoto alikuwa humo akicheza na vifaranga.

Udongo ule haukuwa kazi ya mtu mmoja. Nasieku alianza kwa jembe, akaogopa kumkata mtoto, akalitupa akafukua kwa kucha. Alipoona hawezi peke yake alikimbilia uwanjani, akaita kwa nguvu zake zote maneno aliyopewa.

Huko juu walimsikia. "Pombe imeiva! Njooni! Pombe imeiva!" Shamba zima likavunjika mbavu. Baba mkwe wake akaegemea mpini wa jembe akasema, "Mkwe wangu leo ana ukarimu. Tumalizeni tuta hili twende."

Mtu mmoja tu hakucheka. Katika mlima mzima ni Nakijwa peke yake aliyejua Nasieku anasema nini.

"Si pombe," akasema. "Anaomba msaada. Mimi ndiye niliyemfundisha vibaya. Twendeni, mwanangu yuko kule."

Hawakumwamini. Nani angemwamini Nakijwa, ambaye mwaka ule ule alikuwa amewakimbiza watu wazima kwa chui asiyekuwepo? "Umeanza, mama," mwanamke mmoja akamjibu, na kicheko kikazidi. Nakijwa akaapa kwa kaburi la bibi yake, wakacheka na hilo. Basi akawaacha, akashuka mbio peke yake.

Wengine walishuka baadaye, tuta lilipokwisha, vibuyu mkononi, wakiimba. Walipofika uwanjani wimbo ukakatika. Nakijwa alikuwa ameketi kwenye tope, mwanawe mapajani, na mtoto alikuwa amekufa. Nasieku vidole vilikuwa vinamvuja damu na sauti imemkauka. Alipowaona watu akawainulia mikono, akawaambia kwa adabu, "Pombe imeiva. Njooni."

Baba mkwe alibaki amekishika kibuyu chake, asijue akiweke wapi. Kisa hiki nimekisimulia tangu nina meno yote, na hapa bado sijapazoea.

Nakijwa alimvuta wifi yake akae, akamwambia neno la kweli, lile la kuomba msaada. Nasieku akalirudia. Akatazama vibuyu, akatazama nyuso zetu, ndipo akaelewa alikuwa anatuitia nini muda wote ule. Akapiga ukelele uliosikika ng'ambo ya bonde.

Na tangu siku hiyo, huku Kidembwe mgeni haanzishiwi salamu. Salamu atazipata, na hata akizikosea hafi mtu. Neno la kwanza ni la kuomba msaada, na wa kulifundisha ni mtu wa tumbo la Nakijwa, kwa maana alizaa wengine baadaye. Ndiyo maana mimi kilembwe chake huitwa kila harusi. Bibi harusi hulitamka watu wakiwa wanakula, na hapo kila mtu huacha sahani akasimama, hata mzee wa kunyanyuliwa kwapani. Mchana huu mlishtuka, mkadhani tumekasirika, mkaanza kumtafuta binti yenu muondoke naye. Kaeni, wakwe. Tulikuwa tunamwonyesha kwamba akiita tutakuja, tena mbio, mikono mitupu.