Jiwe la Nguchiro Liliponyamaza

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakiazimana vinu na kupigiana hodi milangoni, palikuwa na mtaa mmoja kando ya mikoko. Mtaa huo uliishi kwa kaa: asubuhi kaa wa kuchemsha, jioni kaa wa nazi.

Nyumba kubwa ilikuwa ya Bwana Fisi, mwenye taya za kuvunja chochote. Iliyofuata ilikuwa ya Bi Nguruwe, ambaye pua yake ilichimbua tundu la kaa kabla mwenyewe hajaamka. Na pembeni kabisa, kijumba cha Nguchiro, mkewe na watoto wao.

Nguchiro hakuwa na taya wala pua ya maana. Alikuwa na jiwe. Alimshika kaa kwa mikono miwili, akaligeuzia jiwe mgongo, akamrusha nyuma kati ya miguu yake. Ta! Ta! Kwaa! Gamba likapasuka. Mtaa mzima ukajua Nguchiro anakula.

Basi, watoto, kaa wakaanza kupungua. Waliobaki wakawa wadogo kama vifungo vya shati.

"Tuweke kipimo," akasema Bi Nguruwe. "Kila nyumba tenga moja, kila maji makubwa yanapokuja."

"Naam! Tenga moja tu!" akakubali Fisi, upesi mno.

Maji makubwa yalipokuja, Fisi akatoka na tenga ambalo angeweza kulala ndani yake, yeye na mgeni.

"Bwana Fisi, hilo ni tenga au chumba?" akauliza Nguchiro.

"Tenga. Hesabu mwenyewe, mdogo wangu. Moja!"

La Bi Nguruwe nalo halikuwa dogo. Nguchiro alipofika topeni na kitenga chake, akakuta matundu matupu. Siku hiyo watoto wake walikunywa maji ya miguu ya kaa, na binti yake wa mwisho, Siwema, ambaye ndiyo kwanza ameachishwa ziwa, akalia mpaka sauti ikakauka.

Nguchiro akaenda kukaa kwenye mizizi ya mikoko, akifikiri. Ndipo akaona jambo.

Kaa mmoja alipasuka mgongoni, fyaa! Akajivuta nje polepole, mguu baada ya mguu, kama mtu anayevua shati lililombana. Nyuma yake likabaki gamba zima, lina miguu na magando, na ndani hamna kitu. Nguchiro akamgusa aliyetoka. Laini kama ugali! Akamwonja.

"Lo!" akanong'ona. "Hata jiwe halihitajiki!"

Akaokota lile gamba tupu, akakimbia mtaani.

"Jirani zangu! Njooni mwone!"

Fisi akalinusa. Bi Nguruwe akaligeuza huku na huku, akachungulia ndani kwa jicho moja.

"Mwenyewe yuko wapi?" akauliza Bi Nguruwe.

"Amevua nguo, bibi. Huu ndio msimu wao. Wote wako uchi matunduni."

"Uchi?" Fisi akarudi nyuma. "Uchi kabisa?"

"Kama walivyozaliwa. Sasa niambieni, nyinyi watu wazima wenye heshima zenu, mtaingiza mkono chumbani kwa mtu anayebadilisha nguo?"

"Hasha!" akasema Fisi, ambaye hata kwake mwenyewe hukohoa kabla ya kuingia.

"Basi tufunge uvuvi. Wakishavaa, nitawaambia."

"Nawe pia usile," akaonya Bi Nguruwe.

"Si mtasikia jiwe langu?"

Wakaridhika. Uvuvi ukafungwa. Fisi akala mihogo. Bi Nguruwe akala mihogo. Kila jioni walitega masikio upande wa kijumba cha Nguchiro: kimya.

"Mdogo wetu ni mwaminifu," Fisi akasema, akikaza mkanda.

Kumbe ndani ya kijumba watu wanatafuna taratibu, mnya, mnya, mnya! Watoto wakanawiri. Siwema akaota meno yote kwa kaa wale laini.

Siku ya siku Nguchiro akatangaza, "Wamevaa!" Mtaa ukaingia topeni, ukarudi kufanya karamu kwa Fisi. Sinia likawekwa. Siwema akawahi kaa mkubwa, akauma kwa nguvu zote.

Kach!

"Mama wee, jino langu! Baba, huyu kaa amevaa nini?"

Nguchiro akamkonyeza anyamaze.

"Kaa si huwa laini, baba?"

Fisi akaacha kutafuna. "Nguchiro! Mimi nakula mihogo kwa kumstahi kaa, kumbe wewe unamla hukohuko chumbani kwake!"

Akasimama, taya wazi. Mke wa Nguchiro akamkumbatia Siwema.

"Watoto wangu walikuwa na njaa, kaka," akasema Nguchiro, na safari hii hakuwa na ujanja wowote usoni. "Tenga lako lilibeba kaa wa tope zima."

"Subirini," akasema Bi Nguruwe. Alikuwa akimgeuza kaa mkononi, kama alivyogeuza lile gamba. "Mbona huyu ni mkubwa hivi? Na kule topeni vitoto vimejaa kama njugu. Mwaka jana mliviona?"

Fisi akafikiri. Hakuviona.

"Ametudanganya sisi," akasema Bi Nguruwe. "Lakini kaa wenyewe walipumzika kweli."

Fisi akaketi taratibu. Wakazungumza mpaka sinia likapoa, wakaafikiana. Uvuvi utafungwa kila msimu kaa wanapovua magamba, kwa wote. Kipimo kitakuwa tenga moja, na tenga la kupimia ni lile la Nguchiro.

"Lile? Kofia yangu haiingii mle!" akalalamika Fisi.

"Na mimi?" akauliza Nguchiro.

"Wewe," akasema Bi Nguruwe, "msimu wa kufunga utakula konokono. Kwa jiwe. Likinyamaza, tunakuja."

Ndiyo maana, watoto, ukipita mikokoni wakati uvuvi umefungwa na matenga yameanikwa, ukasikia ta! ta! kwaa!, ujue Nguchiro yuko mezani, anawajulisha majirani anachokula.

Funzo: mjanja akitunga sheria yenye faida kwa wote, na aifuate yeye kwanza.