Baiskeli ya Mwanjaa

Nisikilizeni mpaka mwisho, kisha mniamulie.

Wafanyakazi wanne wa kiwanda cha nyuzi walikwenda kazini kila asubuhi kwa baiskeli, mmoja nyuma ya mwenzake. Semboja, asiyejua woga, alitangulia. Mwanjaa alimfuata, kelele za mashine zilikuwa zimemmaliza masikio, ndiyo maana walimweka katikati. Nyuma yake alikuwa Hozza, mwenye mikono ya kubeba marobota. Wa mwisho alikuwa Mhina, mwenye macho. Malori yalipowapita, Mhina hakutazama taa za kukata kona, alitazama matairi ya mbele. Dereva husahau taa, lakini hawezi kukata kona bila kugeuza tairi.

Jumatatu moja lori la saruji liliwapita, kisha likakata kushoto kuingia ghalani. Taa haikuwaka.

Mhina aliona tairi likigeuka. Akapiga kelele: "Linakata!"

Hozza alisikia. Akaiacha baiskeli yake ianguke, akamkamata Mwanjaa kotini na kumvuta. Kichwa na kifua vikatoka. Miguu haikutoka.

Semboja aligeuka. Akarudi akasimama mbele ya lori, akiligonga kwa viganja mpaka likasimama. Tairi la mbele lilikuwa limepita juu ya miguu. La nyuma halikufika.

Baiskeli ya Mwanjaa iliangukia mtaroni, nzima.

Mwanjaa aliishi siku tisa. Aliwaaga binti zake wawili, kila mmoja peke yake. Akamwambia mumewe, Shekiondo: "Baiskeli yangu mpe aliyenipa siku hizi." Hakutaja jina.

Siku ya arobaini, vitu vya marehemu vilipogawanywa, Shekiondo aliileta baiskeli uani, mbele ya wale wenzake watatu.

"Bila sauti yangu," Mhina alisema, "Hozza angevuta nini?"

"Sauti haimvuti mtu, kaka," Hozza alijibu. "Ningekutegemea wewe na mdomo wako, tungezika siku ileile."

"Mmoja kapiga kelele, mwingine kavuta, na lori linaendelea," Semboja alisema. "Nani alilisimamisha? Au lilichoka lenyewe?"

Shekiondo alipima kila neno, akaona kwamba ukimwondoa mmoja wao, hazibaki siku tisa, haibaki hata moja.

"Shemeji, usituangalie hivyo," Hozza alisema. "Baiskeli zetu zimechoka, breki hazishiki. Hii breki zake nzima. Ndiyo maana tunagombana."

"Na kazini mnapita wapi siku hizi?"

"Palepale," Mhina alijibu. "Njia nyingine hakuna. Jana malori sita yamekata mbele yetu. Mawili tu yaliwasha taa."

Shekiondo alibaki ameshika usukani. Wosia ni wa mkewe, baiskeli ni moja, na watu watatu wanangoja.

Je, wewe ungempa nani? Na ukishampa, ungemwambia apite wapi?